Mheshimiwa, naomba nifungue begi lako: barua ya wazi kwa wakuu wa hifadhi za visiwa

Waheshimiwa wakurugenzi, makamishna na wasimamizi wa hifadhi za visiwa, popote mlipo,

Salamu kwenu, na salamu pia kwa wasaidizi wenu, maana najua wao ndio watakaoisoma barua hii kwanza na kuamua kama itafika mezani.

Mimi ni mmoja wa wale ambao ripoti zenu huwaita "wadau wa kujitolea". Kazi yangu haipigwi picha. Wenzangu huvizia kasa usiku wapate kuhesabu mayai yao, huwavisha ndege pete za miguuni, hupanda miti. Mimi hubaki upande wa bara, gatini, kabla boti haijang'oa nanga, na kazi yangu ni kufungua mizigo ya watu. Nakung'uta mahema. Nasugua nyayo za buti kwa brashi ngumu. Napindua mifuko ya makoti nitoe mbegu zilizojificha kwenye pindo. Namulika tochi ndani ya masanduku ya vifaa nikitafuta kinyesi kisichozidi punje ya mchele. Katoni nazikataa zote, kwa sababu mende, sisimizi na mayai ya mijusi husafiri raha mstarehe katika mikunjo yake. Kila kitu kihamishiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Hiyo ndiyo hifadhi ninayoijua mimi, na sioni haya kusema kwamba naipenda.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ugeni wa siku moja. Sitaitaja ofisi wala mtu kwa jina. Asubuhi hiyo ulikuja msafara wa wakubwa kutembelea mradi. Walichelewa, maji yalikwisha anza kupwa, na nahodha alikuwa na wasiwasi na mlango wa mwamba. Nikasogea na brashi yangu na beseni la dawa ya kuoshea viatu. Kijana aliyebeba mafaili akaninyooshea kiganja: "Hawa hawakaguliwi." Nikamtazama nahodha. Nahodha akatazama maji. Msafara ukapanda na mabegi yake, na viatu vilivyotoka moja kwa moja kwenye majani ya ziara nyingine, na katoni mbili zilizobandikwa gundi. Nikabaki nimesimama na beseni.

Mtauliza: kikatokea nini? Kisiwani hakikutokea kitu, kwa kadiri mitego ilivyoonyesha. Kilichotokea kilitokea pale pale gatini. Pembeni alikuwa amekaa mvuvi mmoja mzee, mtu ambaye kila safari nilikuwa namkunjulia nyavu na kumwagia kikapu chake chini bila huruma. Aliyaona yote. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Leo brashi umeisahau nyumbani, mwanangu?" Wiki iliyofuata alikataa kukaguliwa, na mimi sikuwa na la kumjibu. Bado sina. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, kwa sababu jibu lile liko ofisini kwenu.

Lugha yetu ina msemo wa ukarimu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Visiwani msemo huo umesimama kichwa chini miguu juu. Ndege ambaye ukoo wake umetaga ardhini kwa maelfu ya miaka, mahali pasipo na mnyama wa kumwinda, hajui kuogopa. Hukaa juu ya yai lake akimtazama panya anavyosogea. Ndege wengi wa baharini hutaga yai moja tu kwa mwaka. Albatrosi wakubwa wakifanikiwa kulea kifaranga, hupumzika hata mwaka mzima kabla ya kutaga tena. Panya jike hubeba mimba wiki tatu. Hesabu hiyo kila mtu anaiweza. Mwaka 2023 jopo la kimataifa la sayansi ya bayoanuwai, IPBES, lilieleza kwamba kati ya matukio ya viumbe kutoweka kabisa duniani ambayo chanzo chake kikuu ni viumbe vamizi, asilimia 90 yametokea visiwani.

Mnazijua takwimu hizo kuliko mimi. Nazitaja kwa sababu ya jambo moja ambalo huwa halisemwi zikitajwa mikutanoni: vamizi hao waliletwa na nani? Mwaka 1918 meli iitwayo Makambo ilikwama kisiwani Lord Howe, Australia, na panya wake wakateremka. Katika miaka michache tu aina tano za ndege wa kisiwa hicho hazikuonekana tena. Ile ilikuwa ajali. Lakini kuna kisa kingine ambacho sisi wa hifadhi tunapenda sana kukisimulia: paka mmoja wa mlinzi wa mnara wa taa, pale Takapourewa, New Zealand, aliyemaliza peke yake aina nzima ya ndege wadogo wasioruka. Kisa kitamu, ila hakikuwa hivyo. Waliopekua kumbukumbu za mwaka 1894 na 1895 wanaeleza kwamba paka walikuwa zaidi ya mmoja, wakazaliana na kuenea kisiwani. Nadhani yule paka mmoja tunampenda kwa sababu anatupunguzia lawama. Paka ni paka, utamshtaki wapi? Anayesahaulika ni aliyemleta. Paka walifika pamoja na mnara wa serikali na watumishi wake. Hawakuwa majangili wala wahuni, walikuwa watu wenye barua za ajira, wametumwa, wako kazini.

Na sisi tuko kazini, ninyi na mimi.

Katika kiangazi cha Antaktika cha 2007 hadi 2008, watafiti waliwapekua wageni waliokuwa wakielekea huko, nguo, viatu na mabegi, wakihesabu mbegu. Waliokutwa na mbegu walikuwa na wastani wa mbegu 9.5 kila mmoja. Sehemu inayoniuma ni inayofuata: walipolinganisha makundi, wanasayansi na wafanyakazi wao walibeba mbegu nyingi kwa kila kichwa kuliko watalii. Sababu yake ni rahisi. Mtalii amenunua koti jipya kwa ajili ya safari. Mtaalamu anakwenda na koti lake la kazi, lile lile alilotambaa nalo kwenye vichaka vya nchi tatu. Kwa hiyo mwenye kumbukumbu ndefu ya hifadhi ndiye mwenye mifuko ya hatari zaidi. Wallahi nilipoisoma habari hiyo niliondoka nikaenda kulipiga brashi koti langu mwenyewe, na nilichokiona kwenye pindo la mkono sikisemi hapa.

Kuna na kisa cha Surtsey, ambacho huwa nawasimulia vijana wapya ili wacheke kwanza. Surtsey ni kisiwa kilichoibuka baharini kusini mwa Iceland mwaka 1963 kwa mlipuko wa volkano. Kufikia 1965 kilikwisha wekwa chini ya ulinzi, hakiingiwi ila na watafiti wachache, ili dunia ione uhai unavyojipandia wenyewe kwenye nchi mpya kabisa. Basi wakati mmoja ukakutwa umeota mche wa nyanya. Wataalamu wakashangaa, wakachunguza, na ikabainika kwamba mmoja wa waliokuja kulinda upya wa kisiwa alikuwa amejisaidia mahali pasipostahili. Mche uking'olewa kicheko kinabaki, lakini nawaomba mwone kilicho chini yake: waliochujwa kwa kibali, wenye elimu, wachache wa kuhesabika, ndio waliopitisha mgeni.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba wakubwa ni wazembe kuliko wavuvi. Hoja ni kwamba mbegu haisomi cheo. Na mkaguzi wa kujitolea anakisoma, hana budi, maana mwenye cheo ndiye anayemsainia ruhusa ya kurudi kesho. Mmemweka mtu asiye na mshahara, asiye na sare, mara nyingi kijana wa miaka 20, asimame mbele ya gari la bendera na kusema "naomba nifungue begi lako". Ulinzi wa kisiwa kizima mmeutundika kwenye ujasiri wa kijana huyo. Siku akiwa na homa, au haya, au anatafuta barua ya kumsaidia kupata ajira kwenu, lango liko wazi.

Kuna mahali pamefikiriwa vizuri zaidi. Kisiwa cha Cousin, Shelisheli, kilinunuliwa mwaka 1968 ili kumwokoa ndege mdogo mwimbaji ambaye walibaki chini ya 30 duniani. Sasa ndege hao, baada ya kuhamishiwa na visiwa vingine, wamepita 3,000. Mgeni anayekwenda Cousin hafiki ufukweni na chombo chake, hata kiwe cha fahari kiasi gani. Chombo kinabaki kwenye kina, boti ya kisiwa chenyewe inakuja kuwachukua abiria na kuwaleta nchi kavu. Panya aliyejificha kwenye chombo cha mgeni anabaki na bahari katikati. Tazameni uzuri wa mpango huo: hakuna anayehitaji kuwa shujaa. Hakuna anayemwambia mkubwa "hapana". Boti ni moja, na kila mtu anaipanda.

Nikisema tunataka utaratibu, huo ndio ninaoumaanisha, ingawa kila kisiwa kitaukata kwa vipimo vyake. Penye gati, tengeni chumba kimoja chenye mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea botini, watu wote wapite humo humo, na nahodha asiwe na ruhusa ya kuwasha mashine mpaka karatasi ya ukaguzi iwe mkononi mwake. Karatasi hiyo iwe na majina yote, la mkurugenzi likiwa la kwanza. Si la kwanza kwa heshima. Liwe la kwanza kwa sababu kila atakayefuata atalisoma.

Sasa nije kwenye fedha, na hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Nimeshuhudia jinsi fungu linavyopatikana kirahisi penye vita na jinsi linavyokauka penye ulinzi. Kutokomeza panya kisiwani ni mradi: una helikopta, una chambo cha sumu, una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, una mgeni rasmi. Kulinda baada ya hapo hakuna utepe wa kukata. Ni mtu na tochi, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tisa, akikuta hakuna kitu. Mfadhili anauliza, "Mmefanikisha nini mwaka huu?" Unamjibu, "Hakuna kilichokuja." Ni jibu bora kuliko yote, na halijazi hata mstari mmoja kwenye fomu yake.

Georgia Kusini, kule mbali baharini karibu na Antaktika, panya walifika na vyombo vya wawinda sili na nyangumi. Chambo kilimwagwa kwa awamu tatu, 2011, 2013 na 2015, kwa gharama ya takriban pauni milioni 10. Lakini ushindi haukutangazwa mpaka mwaka 2018, baada ya mbwa wa kunusa kupitishwa kisiwani kutafuta hata panya mmoja aliyesalia. Miaka hiyo ya mwisho, ya kutafuta kisichokuwepo, naihesabu kuwa ndiyo iliyoifanya ile ya mwanzo iwe na maana. Kinyume chake mnakijua: kisiwani Gough, Atlantiki ya Kusini, ambako panya wadogo hula vifaranga wa albatrosi wakiwa hai kiotani, chambo kilimwagwa mwaka 2021, na Desemba ya mwaka huo huo panya akaonekana tena. Watu wale hawakuwa wazembe. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Na Lord Howe niliyoitaja? Baada ya karne moja na panya wa Makambo, mwaka 2019 kisiwa kilifanyiwa kazi kubwa ya kuwamaliza. Mwaka 2021 wakakutwa panya wawili, dume na jike, na jike ana mimba. Wawili tu. Ilibidi msako uanze upya.

Kama kuna afisa anayedhani panya mmoja si hoja, namwomba asikilize habari za panya aliyeitwa Razza. Mwaka 2004 watafiti wa New Zealand walimwachia kwa makusudi kwenye kisiwa kidogo kisicho na panya, Motuhoropapa, kisichofika hekta 10, wakiwa wamemvisha kola ya redio. Yaani walijua yuko, walijua ni mmoja, na walikuwa na chombo cha kuwaambia alipo. Walimtegea mitego ya kila aina, wakaleta na mbwa. Razza akajitosa baharini, akaogelea mita 400 hadi kisiwa cha pili, na alinaswa baada ya wiki 18. Wiki 18, wataalamu watupu, kwa panya mmoja mwenye redio shingoni! Wetu hawavai redio.

Kwa hiyo kinachookoa kisiwa ni jicho la kwanza na mwendo wa anayejibu. Jicho mnalo, bure: ni sisi, na wavuvi, na mabaharia, na wanaoishi huko. Mwendo ndio haupo. Katika kisiwa cha St. Paul, Alaska, panya mmoja aliyedhaniwa kuteremka kutoka kwenye tishari alisumbua karibu mwaka mzima kabla ya kukutwa amekufa mwaka 2019. Walijifunza. Mwaka 2024 mkazi mmoja alisema ameona kitu kama panya chini ya ngazi ya nyumba. Kama tu panya, hakuwa na uhakika. Maafisa wakafika, wakatambaa kwenye majani na chini ya baraza wakitafuta nyayo na kinyesi, wakatega mitego yenye siagi ya karanga, wakaweka kamera. Kwa neno la mtu mmoja asiye na uhakika!

Mimi nami niliwahi kutoa taarifa. Nilikuta kinyesi cheusi ndani ya kibanda cha vifaa, kwenye kona, kimoja. Nikakipiga picha kando ya rula kama tulivyofundishwa, nikaituma. Jibu la kwanza liliniuliza nimeipitisha taarifa kwa nani kabla ya kuileta. La pili lilitaka fomu. Mtu aliyeijua kazi alikuja siku ya 19, akakiinua kwa kibanio, akacheka: kina ncha nyeupe, ni cha mjusi. Nilikosea, na sasa nazijua ncha nyeupe maisha yangu yote. Lakini rudini kwenye hesabu ya wiki tatu niliyoitaja mwanzo. Lau kingekuwa cha panya jike aliyeteremka na mimba changa, kufikia siku ya 19 angekuwa yuko mlangoni mwa kuzaa, na ofisi ilikuwa bado inajadili fomu. Baya zaidi ni kwamba kwa miezi mingi baadaye niliitwa "bwana mjusi", na nikaona vijana wawili wakikuta alama za meno kwenye kipande cha nta tunachokiweka ili panya akitafuna tumjue, wakanyamaza, wasije wakapewa jina. Alama zile tulizigundua kwa bahati. Zilikuwa za kaa.

Naomba basi kitu ambacho hakigharimu hata senti: anayetoa taarifa ya uongo wa bahati mbaya ashukuriwe mbele ya watu kama anayetoa ya kweli. Na naomba kinachogharimu kidogo: mtu mmoja mwenye jina, mwenye simu, mwenye boti na mafuta, ambaye kazi yake ni kujibu ndani ya saa 24. Msinipe kamati.

Nisijifanye mtakatifu. Upande wetu nao una yake, na mkiyasema hadharani sitawakanusha. Tuna wenzetu wanaojitolea kwa sababu ya picha ya kifaranga mkononi, na kifaranga mwenyewe angependelea tusimguse. Tunajaa siku ya kupanda miti, tunatoweka siku ya kukagua mitego mvuani. Tunapenda kazi inayoonekana. Madaftari yetu mengine hayasomeki. Nimewahi kukuta ukurasa umeandikwa "panya: hakuna, hali ya hewa: nzuri" kwa siku 12 mfululizo, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na mwandishi akiwa amekaa bara wiki nzima kati ya hizo. Mtu kama huyo aondolewe, awe wa kujitolea asiwe wa kujitolea. Kutolipwa si ruhusa ya kudanganya.

Ila na mtu akiandika vizuri, someni. Waliowatangulia waliondoka na funguo za makabati. Kila anayeteuliwa anaanza na "utafiti wa awali" wa kisiwa ambacho tumekihesabu kwa miaka. Nikiulizwa mfano wa watu waliofunguliwa mlango kweli, nawataja wa Tiritiri Matangi, New Zealand. Kisiwa cha hekta 220, kilichokuwa shamba la mifugo, misitu imekatwa. Badala ya kukifunga wakingoja wataalamu, wenye mamlaka waliwaalika wananchi, na kati ya 1984 na 1994 watu wa kujitolea walipanda zaidi ya miche 250,000. Leo kuna msitu, na ndani yake ndege adimu. Watu wale waliachiwa kazi yenyewe, wakapewa na ramani yake. Hawakuitwa kushika sepetu kwa ajili ya kamera kisha warudishwe nyumbani.

Kuna begi moja ambalo mimi sitaweza kulifungua hata mkinipa sare: bahari. Mwaka 2019 watu 12 wa kujitolea walikwenda Aldabra, kisiwa cha Shelisheli chenye kobe wakubwa wapatao 100,000 na ambacho ni urithi wa dunia tangu 1982. Kwa wiki tano walikusanya taka tani 25 kwa mikono, juani, juu ya miamba inayokata viatu. Watafiti wakakadiria kwamba zilizobaki ni tani 513. Sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa zana za uvuvi, nyavu na kamba. Hata wale 12 wangerudi kila mwaka, wasingezimaliza mpaka wazeeke, na mawimbi yangeendelea kuleta nyingine. Wavu uliotupwa na meli hauzuiliwi na kijana mwenye gunia. Unazuiliwa na anayetoa leseni, anayeandika masharti, anayehesabu nyavu zinapotoka na kuzihesabu tena zinaporudi. Mkituandalia siku ya kusafisha ufukwe tutakuja, tumezoea. Lakini siku hiyo hiyo nitauliza leseni ngapi zimefutwa.

Nimemaliza lawama, nimebakiza yule mzee.

Katika hifadhi ya Chumbe, Zanzibar, walinzi wa kwanza wa matumbawe walichukuliwa kati ya wavuvi. Hawana bunduki. Mvuvi akikosea mpaka, hufuatwa na mtu anayeijua kazi yake, anayeweza kumweleza kwa nini samaki wa ndani ya mpaka ndio watakaojaza nyavu za nje. Huko Galapagos, visiwa vya Ecuador, kwa upande mwingine, baada ya makumi ya maelfu ya mbuzi kuondolewa kwa gharama kubwa, walikuwepo watu waliowarudisha mbuzi visiwani kwa makusudi, kwa hasira zao na wenye mamlaka. Mbuzi mmoja kwenye mashua, usiku mmoja. Hakuna doria itakayomzuia jirani aliyekwisha amua kwamba sheria ni ya kumdhalilisha yeye peke yake.

Mzee wetu hajafika huko, wala simdhanii. Lakini ameacha kutuambia anayoyaona. Zamani alikuwa akirudi baharini ananiita: leo nimeona mashua ngeni upande wa magharibi, leo kuna moshi kwenye fukwe ya viota. Taarifa zake zilikuwa za kwanza na za kweli kuliko rada yoyote. Tangu asubuhi ile hupita akanisalimia vizuri, kisha anakwenda zake.

Ninachoomba ni kidogo, na kina tarehe. Ziara yenu inayofuata kisiwani, njooni gatini kama kila mtu. Msitume taarifa mapema ili nisafishe beseni. Vueni viatu, mwage mabegi mezani, mwache katoni bara. Nitawakagua polepole na kwa heshima zote, na karatasi nitaibandika ukutani pale anapofunga kamba zake yule mzee. Njooni kabla maji hayajaanza kupwa, maana mtu mmoja huchukua kama dakika kumi, na mwenye buti za kamba ndefu huchukua zaidi.

Wenu katika kazi,

Mkaguzi wa mizigo, wa kujitolea